Habari Imetoka kwa Nani? Somo Kutoka Kwihara



Somo la mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa mwalimu aliyezoea kusahihisha madaftari ya wengine hana budi kuonyesha na la kwake. Jioni moja mwaka juzi nililetewa kwenye simu picha ya basi lililopinduka, na chini yake maneno kwamba lilikuwa limebeba wanafunzi kutoka Nzega kuja Tabora. Sikuuliza lolote. Niliipeleka picha ile kwenye kundi la wazee wa mtaa, nikaongeza maneno yangu ya masikitiko. Kabla sijamaliza kula, mama mmoja jirani, ambaye binti yake alikuwa akisoma bweni Nzega, alikuwa amesimama mlangoni pangu bila viatu.

Hakunilaumu. Alisema, "Mwalimu, umeliona mwenyewe?" Nikajibu sikuliona. Akauliza tena, "Na aliyekuletea, ameliona?" Nikajibu sijui. Tukaanza kumpigia simu mwalimu wa zamu wa shule ile, mtandao ukasumbua, ikapita karibu saa nzima ndipo tukaisikia sauti ya binti. Baadaye ilijulikana kuwa basi lile lilikuwa la nchi nyingine na picha ni ya miaka mingi iliyopita. Aliyeyatunga maneno yale sikumjua hata leo. Lakini aliyeyaleta Kanyenye ni mimi.

Basi katika somo hili tutatazama jinsi habari inavyoaminiwa na inavyokataliwa, na tutayafuata maswali mawili ya mama yule. Mfano hauko mbali. Kwihara ipo hapa hapa, kilomita chache kutoka mjini, na lile tembe lenye makumbusho ya Daktari Livingstone wengi wetu tulipelekwa kuliona tulipokuwa watoto wa shule. Tulifundishwa majina na tarehe. Hatukufundishwa kwamba kati ya mwaka 1866 na 1874 habari kubwa tatu za mtu huyo mmoja zilisafiri katika nchi zetu. Moja ilikuwa ya uongo, ikaaminiwa. Ya pili ilikuwa ya kweli, ikatiliwa shaka. Ya tatu ilikuwa ya kweli nayo, ikaja na ushahidi wake begani. Hizo mbili za mwisho zilipita Kwihara.

Tuanze na ile ya uongo. Livingstone aliondoka Unguja Machi 1866, akaingia bara kwa upande wa Mto Ruvuma. Miongoni mwa watu wake walikuwamo watu wa Nzuani, katika visiwa vya Komoro, na mkubwa wao aliitwa Musa. Walipofika upande wa Ziwa Nyasa walimwacha, wakarudi pwani. Desemba mwaka ule ule walitokea Unguja, wakasema bwana wao ameuawa na Wangoni, ambao watu wa ziwani waliwaita Mazitu. Musa hakueleza kwa mkato. Alitaja mahali, akataja silaha, akasimulia jinsi yeye alivyojificha na jinsi walivyorudi kumzika marehemu. Wakubwa wa ubalozi wa Uingereza walisadiki, na mwanzo wa mwaka 1867 magazeti ya London yaliitangaza habari hiyo.

Msomaji, simama kidogo hapa. Sisi tuna mazoea ya kudhani kwamba habari yenye maelezo mengi ndiyo ya kweli. Katika miaka yangu ya kusikiliza kesi za wanafunzi waliotoroka bwenini nimeona kinyume chake: mwenye hatia huja na hadithi kamili, yenye mwanzo na mwisho, na aliyeona kweli husema, "Hapo sikuona vizuri, Mwalimu." Tena pale Unguja ilipasa kuulizwa mapema watu hawa wanapata faida gani. Wangekiri kuwa wamemtoroka bwana wao, madai yao ya mshahara yangeishia hapo.

Uongo ule haukuvunjwa kwa kubishana na Musa. Chama cha Jiografia cha Kifalme kilimtuma E. D. Young, aliyewahi kufanya kazi na Livingstone kule Zambezi. Mwaka 1867 alipanda Zambezi na Shire hadi Ziwa Nyasa, akauliza kijiji hata kijiji. Watu walimweleza Mzungu aliyepita, mavazi yake na msafara wake, na wengine walitoa vitu alivyowaachia. Tena walimwambia kuwa alionekana mbali zaidi ya pale alipodaiwa kufa. Maiti haitembei. Mwanzo wa mwaka 1868 Young alikuwa amekwisha rudi Uingereza na jibu.

Habari ya pili inatuhusu zaidi, kwa sababu aliyeileta alikuwa mwandishi wa gazeti. Henry Morton Stanley alitumwa na James Gordon Bennett, mwenye New York Herald, amtafute Livingstone. Alifika Unyanyembe Juni 1871, akapanga Kwihara, akajikuta katikati ya vita vya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo. Mwezi Agosti Tabora yenyewe ilichomwa moto. Septemba akashika njia ya kuzunguka kusini, na kabla mwaka haujaisha akamkuta Livingstone Ujiji. Tarehe hasa hatuwezi kuisema kwa uhakika, maana daftari za watu wawili hao hazipatani. Februari 1872 wakaja Kwihara pamoja. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani na barua za Livingstone, pamoja na daftari lake kubwa la safari lililotiwa lakiri. Wataalamu hadi leo huliita Daftari la Unyanyembe.

Habari ilipochapishwa Julai 1872, watu wengi wa London hawakuiamini. Walisema barua zimetungwa. Na ukiwauliza kwa nini, hawakuwa na hoja juu ya barua zenyewe. Hoja yao ilikuwa juu ya aliyezileta. Gazeti lake lilijulikana kwa kupenda kishindo. Yeye mwenyewe alijiita Mmarekani, kumbe alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands, na jambo hilo lilianza kuvuja. Wengine, nadhani, waliona haya tu kwamba mtu wa gazeti amewatangulia mabwana wa jiografia. Kilichomwokoa Stanley ni mwandiko. Watoto wa Livingstone walilitazama daftari wakautambua mkono wa baba yao, na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza nayo ikathibitisha barua zilizoletwa kwake. Malkia Victoria akampa Stanley kijaluba cha dhahabu.

Lakini tusimsafishe Stanley kupita kiasi. Ile salamu yake maarufu ya Ujiji, ambayo kila mtoto wa shule anaijua, aliiandika gazetini na katika kitabu chake. Katika daftari lake la safari kurasa za siku ile zimechanwa. Tim Jeal, aliyeandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2007, anaona kuwa maneno yale hakuyasema kabisa, aliyabuni baadaye. Yaani mtu yule yule alileta habari ya kweli na huenda akaipamba kwa neno la kutunga. Na lile gazeti? Tarehe 9 Novemba 1874 lilichapisha kwamba wanyama wakali wametoroka katika bustani ya Central Park huko New York na kuua watu wengi. Watu walishikwa na hofu kubwa. Mwishoni kabisa, kwa mwenye subira ya kusoma hadi chini, gazeti lilikiri kuwa habari yote ni ya kubuni. Miaka miwili tu kabla ya hapo lilikuwa likilalamika kwamba haliaminiwi!

Kwa nini ilikuwa muhimu barua za Kwihara ziaminiwe? Sikwa sababu ya sifa za Mzungu kumpata Mzungu. Ndani yake mlikuwa na habari ya Nyangwe, mji wa soko kando ya Mto Lualaba, katika nchi ya Manyema ambayo sasa ni mashariki ya Kongo. Tarehe 15 Julai 1871 wafanyabiashara wa watumwa na pembe waliwapiga risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wengi wakazama mtoni. Livingstone alikuwapo akaona. Aliandika kuwa hesabu waliyoitoa Waarabu wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo ilisomwa Uingereza na kuongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ile ikomeshwe, na Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Barua zingetupwa kama za kughushi, sauti ya akina mama wa Nyangwe ingepotea pamoja nazo.

Na hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wangu sikuwafundisha, kwa kuwa wakati huo halikujulikana. Livingstone aliishiwa karatasi huko Manyema. Mambo ya Nyangwe aliyaandika kwanza juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa rangi ya mmea. Wino ule ulififia hata maandishi hayakusomeka tena. Ndipo wataalamu wakayapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuyachambua kwa kompyuta, na mwaka 2011 wakayatoa watu wote wayasome. Ilionekana kwamba maandishi ya kwanza hayalingani kila mahali na yale aliyonakili baadaye katika daftari kubwa, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Mauaji yalitokea, hilo halibadiliki. Lakini hata shahidi mwema, akikaa kusafisha kazi yake, huweza kuyapunguza yanayomgusa. Nawaomba wale wanaosema mitambo ya siku hizi imeleta uongo mtupu wakumbuke na hili.

Sasa habari ya tatu. Livingstone alikaa Kwihara hadi Agosti 1872, wapagazi waliotumwa na Stanley walipomfikia, akaelekea kusini. Mwanzo wa Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo chini ya mti. Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa na misheni huko India, akasoma ibada ya maziko na kuchonga maandishi juu ya mti ule. Kisha waliukausha mwili, wakaufunga, wakauchukua.

Kwa nini wajitese hivyo? Wangeweza kwenda pwani na maneno tu. Lakini hadithi ya Musa ilikuwa imekwisha kuharibu njia. Safari hii nani angewasadiki watu wanaosema bwana wao amekufa porini? Oktoba 1873 walifika hapa kwetu Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa njiani kumsaidia Livingstone. Aliwashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Mbele kidogo wakasikia kuwa watu wa njiani hawataki maiti ipite katika nchi yao. Wakafanya mzigo wa bandia, wakaurudisha kama kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo. Ndiyo, hapo walidanganya. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi kama ilikuwa halali, na jibu nililompa sikuridhika nalo hata mwenyewe.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ulipopelekwa London haukuzikwa mpaka umechunguzwa. Daktari Sir William Fergusson alitazama mfupa wa mkono wa kushoto, mahali simba alipouvunja mwaka 1844 huko Afrika Kusini, akaona umeunga vibaya vile vile kama ilivyojulikana. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, na Jacob Wainwright akawa mmoja wa wachukuzi wa jeneza.

Tuje sasa kwenye simu zetu. Msafara ulipofika Tabora kutoka Ujiji, mwenye habari alisimama mbele ya watu. Alikuwa na jina, bwana wake alijulikana, na msafara wa pili ulikuwa nyuma yake kwa njia ile ile, tayari kumthibitisha au kumwaibisha. Hata salamu yetu ilimwuliza habari za huko atokako, siyo habari tu. Simu imeharakisha mwendo wa habari, na hilo ni jema. Lakini imewaondoa wapagazi. Ninapoletewa neno limepita mikono hamsini, naona jina la wa mwisho peke yake, naye ni jamaa yangu ninayempenda. Namwamini yeye, kisha imani hiyo naihamishia kwenye maneno ambayo yeye hakuyaona wala kuyatunga. Wenye WhatsApp walilitambua jambo hili. Aprili 2020 walizuia ujumbe uliokwisha kupelekwa mara nyingi usipelekwe tena ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati, na huwekewa alama ya mishale miwili. Nimeuliza katika kikundi chetu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua maana ya mishale ile. Na picha, iliyokuwa mfupa wetu wa mkono, haitoshi tena, kwa kuwa siku hizi kompyuta hutengeneza sura na sauti ya mtu ambaye hakusema neno.

Mtu asidhani haya ni mambo ya mzaha. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, katika nchi ya Wagogo ambako misafara ya Tabora ilipita, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa. Walikuwa wamekwenda kuchukua udongo wa kupima. Ilisemwa ni wanyonya damu. Uvumi wa mumiani ni wa zamani kuliko simu, lakini kazi yake ni ile ile, na palikosekana mtu mmoja wa kuuliza kwa sauti, "Wewe umeona?"

Kuna upande wa pili ambao magazeti ya kanisa hupenda kuuruka. Watu hukimbilia uvumi pale wenye kujua wanaponyamaza. Machi 2021 Rais Magufuli hakuonekana hadharani kwa siku nyingi. Maneno yakaenea kuwa anaumwa. Tarehe 12 Waziri Mkuu alisema huko Njombe kwamba Rais yupo na anaendelea na kazi, na polisi wakawakamata watu waliosambaza habari za ugonjwa. Tarehe 17 usiku Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, akatangaza msiba. Sisemi hapa nani alikuwa na nia gani. Nasema niliyoyaona sokoni: watu waliosikia tangazo la kwanza na la pili katika juma moja waliikaribia simu zaidi na redio wakaiacha mbali. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayomwadhibu anayetangaza uongo kwa kukusudia. Sheria huweza kumfunga mwongo mdomo. Kumfanya msikilizaji aamini haiwezi. Hilo hupatikana kwa kusema kweli mapema, hata ikiwa chungu.

Na waandishi wenyewe je? Kazi ya Young, yaani kwenda na kuuliza kijiji hata kijiji, bado ndiyo kazi yao, nayo ni ya gharama. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi, alikuwa akiandika habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji. Alitoweka tarehe 21 Novemba 2017 na hakuonekana tena. Tunapoyadharau magazeti yote kwa neno moja, tunamdharau na yeye. Lakini vilevile mwandishi anayengoja bahasha mwisho wa mkutano ndipo aandike, anatumia akiba ya watu kama Azory. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, hupokea malalamiko ya mtu aliyeandikwa vibaya. Ni vema wasomaji wajue hivyo, maana nimewasikia wengi wakinung'unikia gazeti barazani na hakuna aliyewahi kuandika barua. Mimi hutazama jambo moja katika gazeti: kama huwa linakubali kosa lake waziwazi, kwa herufi zinazosomeka. Lisilokosea kamwe silinunui.

Kwa kikundi cha masomo cha Alhamisi: kila mmoja aje na habari moja aliyoletewa kwenye simu juma hili, ya kweli au ya uongo, iliyonakiliwa kwenye karatasi. Chini yake aandike aliyeona ni nani, walioileta ni akina nani kwa kadiri anavyoweza kuwafuata, na nani atafaidika ikiaminiwa. Akishindwa kumjaza aliyeona, aache nafasi wazi asibuni jina. Vijana wasaidie wazee kuitafuta ile mishale miwili. Mimi nitaleta picha ya basi, na mama yule jirani amekubali kuja kuuliza maswali.